Dirisha Lenye Nafasi Moja

Nairobi, Jumapili jioni

Kwako Opio, uliyenitangulia kuzaliwa na sasa umenitangulia tena,

Mnaendeleaje hapo Kisoko? Mgongo wa Mama umepoa? Wimbi limevunwa? Mimi mzima wa mwili, ila moyo una kidonda na aliyekitia ni wewe.

Lile bonge lako la rezini, ulilotuma ati nicheke, lilifika. Utingo wa basi anasema pale Busia mtu wa forodha alimfungulisha mzigo.

"Hii ni nini?"

"Mi najua? Wenyewe naita sanaa."

"Sanaa ya nini? Haina kichwa, haina miguu."

"Ndiyo hivyo afande, ya kitu bure."

Wakalipitisha. Heri wangelizuia.

Unajua nilivyohangaika na rezini tangu bosi wetu, yule mama mchongaji, aachane na mbao. Ni plastiki ya maji. Unaitia dawa, unakoroga, inaganda kama kioo. Mimi niliikoroga kama Mama anavyosonga kwon, ule ugali wa wimbi, kwa nguvu za bega. Ikajaa mapovu, ikafuka moshi, ikapasuka. "Odongo, umepika uji?" bosi akauliza. Baada ya miezi nikapata bonge moja safi, la buluu. Akaliweka dirishani, penye nafasi moja tu ya maonyesho. Kila asubuhi nililipitia kama mtu anayepita kwa mchumba.

Wewe nilikuachia mikebe miwili ya rezini Krismasi uzibe ufa wa chungu cha pombe ya malwa. Ukamimina ndani, kidogo kidogo, na machicha ya pombe humo humo, kisha ukavunja chungu, likabaki bonge. Bosi alipoliinua kwenye mwanga, machicha yalikuwa yameelea humo kama nzige waliosahau kutua. "Nani kafanya hii?" Uso wetu ni mmoja, Opio. Ningesema "mimi", nani angejua? Nikasema ni pacha wangu, meno yakiniuma. Langu likaondolewa, lako likakaa. Langu sasa linazuia mlango usijifunge.

Bosi anataka uje. Lakini unakumbuka Mama alivyoamini: pacha mmoja akipewa shati na mwingine akakosa, aliyekosa ataugua, basi hata lile moja alilirudisha dukani. Nami nimeanza kukohoa. Njoo na chungu cha pili cha malwa, nimimine mimi. Wewe utakaa kando, mikono mfukoni, na usiniambie "polepole".

Msalimie Mama, shemeji yangu mkeo, na shangazi wa Nabuyoga. Watoto waambie baba yao mdogo anawapenda kuliko anavyompenda baba yao wiki hii.

Ni mimi wa pili kuzaliwa, mwenye kikohozi,
Odongo