Polisi Wamevamia Pati ya Kilburn

Dada Mage, shikamoo. Mvua ya huku Kilburn kwa wazungu haina adabu, lakini mimi mzima.

Juzi mwanangu Neema alinipeleka kwenye pati ya manesi wenzake. Walikuwa wanaigiza Marekani ya miaka mia nyuma, enzi serikali ilipopiga marufuku pombe, kila mtu akataka gari, na wanawake wakakata nywele, wakapandisha sketi na kucheza jazi mpaka kuche. Nikavalishwa manyoya kichwani, na umri huu! Mlangoni unanong'ona neno la siri ndipo unafunguliwa. Ndani watu wazima wanakunywa pombe kali kwenye vikombe vya chai, wakijiona wajanja kweli. Kwako Tandale wateja wako wa gongo, pombe ya kujificha polisi, wanakunywa hivyohivyo kila siku, na hakuna anayeita hiyo sherehe.

Mara firimbi ikalia. "Polisi! Kila mtu atulie!" Wenzangu wakacheka. Mimi, dada yangu, miguu haikuniuliza. Nilinyakua birika la pombe, nikatokea mlango wa jikoni, nikaruka ukuta wa jirani na manyoya yangu kichwani.

Neema akaja mbio, hoi kwa kicheko. "Mama, rudi! Ni daktari wetu kavaa kofia ya polisi tu!"

Niliporudi wakanipigia makofi, wakanipa boksi la chokoleti kwa kuigiza vizuri kuliko wote. Nakuletea nusu. Mungu akutunze, maana ni wewe uliyenifundisha kuruka ukuta bila kumwaga.

Mdogo wako,
Tausi