Mwanya Wako, Mama

Mama,

Mwanya umeanza kutanuka. Wangu mie, si wako. Nakaa nasimama, hata chungu sijainjika, nikaona bora nikuandikie wewe, maana hapa Mwananyamala nikimwambia mtu atanicheka. Wao wanausifia. Juzi shangazi kaja, kanishika kidevu, ati nazidi kufanana na wewe.

Ndicho kinachonitoa roho. Na wewe walikusifia hivyo hivyo. Ukisukutua maji yanatoka mekundu, unasema mswaki mgumu, huku mashoga zako wanakwambia mwanya umenoga. Kumbe ufizi ulikuwa unaachia. Meno ya mbele yakatoka moja moja, na tangu hapo mpaka tunakuzika sikukuona ukicheka ila upindo wa khanga uko mdomoni. Baba alikuwa akikubembeleza, "Cheka basi nikuone." Wewe unageukia ukutani.

Siku hizi zahanati za watu binafsi ziko kila kona. Nimekwenda moja Kinondoni, wana mashine ya leza, mwanga mwembamba wanaupitisha kati ya ufizi na jino. Jirani kaniapia kwamba unaponya kabisa, hata jino lililolegea linashika. Nikamuuliza daktari, kaka mmoja wa bara, mpole. Hakunificha. Kasema mwanga unaua vijidudu na kupunguza damu, lakini ugaga ulioganda kwenye meno lazima ukwanguliwe, na mfupa ulioliwa haurudi. "Tunaokoa yaliyobaki, dada. Mwanya hautajifunga."

Basi nikakwanguliwa, nikapigwa na huo mwanga. Damu imekata, alhamdulillahi. Kipi kimesaidia zaidi, leza au kukwangua, daktari mwenyewe hakuthubutu kuniapia. Jino moja bado linacheza, na mie siishi kuligusa kwa ulimi, hata kwenye swala, Mungu anisamehe. Laiti ungekuwapo nikakushika mkono nikupeleke! Inaniuma, Mama. Inaniuma sana.

Jana baba kasema neno la utani, nikacheka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye khanga. Nikaurudisha chini. Akanitazama weee, kisha akajifuta macho, akasema chai imepoa.

Pumzika, mama yangu, Mungu akulaze pema. Mie nitarudi kwa daktari kila atakaponiita. Na jino libaki, litoke, mdomo sitaufunika. Baba atakiona kicheko chako mpaka aje huko uliko. Hilo nakuahidi.

Mwanao