Tope la Buhare na Tope Lako la Barafu

Nyangeta, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu jirani alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Darasa langu la pili linashinda la saba la watu wengi hapa Buhare.

Unakumbuka sabuni ilivyopotea Musoma nzima? Tulikuwaga tunachuja maji ya majivu, tunafulia. Bingwa wa kuchuja nani? Mimi. Siku moja ukayamwaga kwenye tope jeusi la ziwani, yakawa kahawia.

"Baba, tope linatoa rangi!"

"Fua nguo, mama."

Hukufua. Nadhani safari yako ilianza pale, ila mimi niliona nguo chafu tu.

Sasa uko ng'ambo kwenye utafiti wako, unachota tope chini ya maziwa yaliyofunikwa na barafu. Barua yako ya mwisho ilieleza: majani yakioza yanaacha asidi ya mboji ndani ya tope. Magadi yanaiyeyusha; ukitia kitu kichachu kama ndimu inaganda, inashuka. Ya huko, ukasema, baridi haiiachi ikomae upesi. Hata ikikaa miaka na miaka, bado inafanana na majani na ukoga ulioizaa. Hapo nimeparudia mpaka karatasi imelegea. Halafu chini kabisa: mwaka huu tena hutarudi nyumbani.

Jumapili baada ya misa nikachota tope letu, nikakoroga na magadi ya mboga. Lilipotulia, maji ya juu nikayamimina kwenye glasi ya marehemu mama yako. Jirani yetu Marwa akapita.

"Mzee, chai ya rangi peke yako, hata karibu hakuna?"

"Karibu, baba."

Akapiga funda. Alitema mpaka kuku wakakimbia! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaenda kwake akinilaani, na kicheko kikanikatikia, maana nilikuwa nimeshageuka nikuangalie wewe.

Nikakamua ndimu kwenye glasi ile. Povu likapanda, kisha weusi ukajikusanya, ukashuka taratibu, kama ulivyosema. Nikasema kwa sauti, "Umeona?" Nikaiweka glasi dirishani.

Siku hizi sabuni imejaa madukani, inanukia mpaka barabarani. Majivu nayatupa tu.

Mimi siombagi mtu, unanijua. Hata leo siombi. Ila glasi ile iko dirishani na weusi wake chini, na ndiyo glasi pekee ya wageni. Siimwagi. Njoo uimwage mwenyewe.

Ni mimi baba yako, ambaye hajasaidiwa hata neno moja.