Kiti cha Mbele Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, dawa, miguu ya mama. Nimeizungusha tepi yangu ya kushonea kwenye kifundo. Kimeongezeka upana wa kidole tangu Ijumaa. Mashine ya kusafisha damu iko mjini, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Baba ndiye alikuwa akimpeleka. Baada ya kilio cha msiba wake ndugu zake walichukua gari lake, nami sikubisha. Tukapanda basi, mama akaanguka mlangoni, akasema harudi tena. Jumamosi hakwenda. Daktari anasema bila mashine hatafika mwisho wa mwezi. Nilimsikiliza kama mtu anayeambiwa vifungo vimekwisha dukani.

Mchana muuzaji wa magari, mtu wa Butembo, ameniachia gari dogo la Kijapani nilijaribu hadi Jumapili. Ameliombea kwanza, mkono juu ya boneti. Usukani uko kulia, kama mengi yanayotufikia kutoka Dar, ingawa huku kwetu magari hupita kulia na usukani wa kawaida uko kushoto.

Jumanne, 5 Agosti
Mama ametoka, kitenge kizuri, kilemba. Amekwenda mlango wa mbele kulia, kama siku zote kwenye gari la baba. Amekuta usukani. Nimemfungulia wa kushoto, upande wa barabara. Amekitazama kiti, amerudi ndani.

"Kamotoka kako kadogo," amesema. Basi.

Sikukasirika. Nimechukua tepi nikapima. Kimo cha kiti, upana wa mlango, nafasi ya magoti. Mama anaenea na nafasi inabaki.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeendesha peke yangu hadi Karavia. Kwenye lami, gari kimya, zuri. Mashimo ya Katuba ni habari nyingine, kila jiwe linaingia kiunoni. Vumbi linapenya mlango wa nyuma. Gari linageuka mara moja kwenye njia yetu. Gari la baba liligeuka kwa mara tatu, naye akinung'unika. Kiti cha nyuma ni cha watoto, magoti yanabanwa. Nimekiondoa kwenye hesabu.

Jioni nimeshona mto wa sponji. Nimeuweka kiti cha kushoto.

Alhamisi, 7 Agosti
Mto haukusaidia. Nimeegesha kinyume ili mlango wa kushoto uelekee nyumba. Madereva wamenitukana, wana haki. Mama amefika kizingitini. Kadogo, amesema tena. Uso wake umevimba, anapumua kwa shida. Jirani amenishauri nilie kidogo. Sina machozi. Nimerudi cherehani.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemuuliza bila adabu kama anataka kufa. Amefunika miguu yake kwa kitenge. Kisha:

"Kushoto ni fasi ya papa yako. Mi nitaikala namna gani fasi yake?"

Miaka yote ile, baba kushoto na usukani, yeye kulia na mkoba wake. Nimepima gari zima na hicho sikukiona. Nimejionea aibu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesukuma kiti changu mbele hadi mwisho. Magoti kwenye dashibodi, usukani tumboni. Nikafungua mlango wa nyuma kulia, upande wa nyumba. Ameingia polepole, mguu mmoja, halafu wa pili. Akaenea.

Nilikuwa nimetupa mkoba wangu kiti cha mbele kushoto.

"Tosha sakoshi yako pale."

Nikautoa, nikaubana kati ya miguu. Kwenye mashimo alishika bega langu. Amekaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemwambia muuzaji nalinunua. Ameuliza kama ni zuri. Kwa dereva, hapana: magoti yangu yamechubuka na mgongo unauma. Kifundo cha mama kimepungua upana wa kidole. Jumanne tunarudi, ameshauliza saa ya kuondoka.

Namkosa baba. Sikuwa nimeliandika popote.

Baada ya misa nimefuta vumbi ndani ya gari. Nimeanza na kiti cha kushoto.