Maji ya Lerionka

Ngarenaro, Arusha
Alhamisi Kuu, 8 Aprili 1993

Dada Fransiska,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo dada.

Vipi hapo Kibosho? Goti lako limepona, au bado unapanda kile kilima na fimbo? Mapadri wanakula vizuri kwa mkono wako? Na migomba niliyopanda kwa mama imezaa, au majirani wamevuna kabla yetu? Mimi nipo. Nakula, nalala, mgongo ndio unanikumbusha umri. Anneth yuko kwa mume wake Sekei, ana mimba ya pili, anakusalimia. Kaburi la Ndeshi nimelipalilia mwezi wa pili. Mwaka wa nne huu tangu mke wangu aondoke, na bado jioni nakuta nimepika ugali wa watu wawili.

Mwandiko utanisamehe. Unajua niliishia darasa la nne.

Kazi ni ile ile. Nachimba moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea, njia ya kwenda Nkoaranga. Tangu serikali iseme ruksa kila mtu anajenga. Malori yanapanga foleni asubuhi, dereva anapiga honi kama sisi ni mbuzi. Tunachimba chini ya ukuta wa udongo, mrefu kama kanisa. Ukichimba chini, juu panabaki pananing'inia. Kila mtu anajua. Kuanzia juu ni salama, lakini ni polepole, na lori halingoji.

Nilikuandikia habari za Lerionka, aliyefariki kule shimoni mwaka juzi. Sikukuandikia zote. Leo naandika zote.

Lerionka alikuwa Mwarusha wa hapo chini ya mlima. Shamba la baba yao liligawanywa mpaka likawa kama mkeka, ndiyo akaja kuchimba. Mrefu, mcheshi, mkorofi kidogo. Shimoni tunafanya kazi wawili wawili, mmoja anapiga sururu, mwenzake anapakia kwa beleshi. Mimi na yeye tulikaa hivyo miaka miwili.

Dada, mimi siyo mtu wa kuhubiri. Ndeshi ndiye alikuwa na maneno. Alipokufa nilichukua rozari yake, nikawa nasali saa ya makande, makumi mawili tu, halafu kazi. Lerionka akaniuliza kama nahesabu ng'ombe. Nikamwambia nahesabu Salamu Maria. Akasema basi zizi langu lina laana, kila siku ni wale wale ishirini, hawazai. Nyapara wetu Abdiel, Mmeru wa Nkoaranga, Mlutheri, mwimba kwaya, akadakia: we Aloisi, Mungu wako ni kiziwi nini, mpaka umwambie neno moja mara ishirini? Shimo zima likacheka. Na mimi nikacheka nao.

Tangu siku hiyo nikawa nasali mkono ukiwa mfukoni. Lerionka aliona. Akaja akakaa karibu yangu na sahani yake, akaniambia toa nje hiyo kitu mzee, unamficha nani.

Akaanza kuuliza. Kilichomvuta siyo mdomo wangu. Ndeshi alipokuwa mgonjwa kitandani, Lerionka alikuja kumwona, akakuta wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa wanafua mashuka yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu. Hilo lilimkaa. Alisema kwao anayekufulia ni mkeo au mama yako. Akataka kujua hao ni watu gani. Nikampeleka kwa katekista wetu Godwin, akaanza mafundisho ya Jumanne. Jumanne nyingi alikosa kwa sababu ya malori. Mke wake Nashilu alikataa kabisa. Alisema ng'ombe wa baba yake walizaa miaka yote bila padri.

Ukuta ulishuka mwezi wa kumi na moja, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka nje kunywa chai, yeye alikuwa ndani. Udongo ulimfunika mpaka kifuani na jiwe lilikuwa limemlalia mbavu. Wenzetu wengine walikimbilia barabarani kusimamisha gari, wengine kutafuta magogo ya kuinulia jiwe. Pipa letu la maji lilikuwa limefunikwa na udongo. Abdiel akachukua karai akakimbia mferejini. Tukabaki wawili.

Lerionka akaniambia nibatize. Akasema usingoje padri, Godwin alisema mtu yeyote anaweza mtu akiwa anakufa.

Hapo ndipo habari niliyokuandikia ilipoishia. Nilikuambia nilimbatiza, nikamwita Yosefu, akafa kabla ya gari kufika. Ndivyo nilivyomwambia Godwin. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitabu cha parokia. Padri akamzika na msalaba una jina la Yosefu Lerionka.

Na ikaenea dada. Mimi ambaye sijawahi kumleta hata paka kanisani. Jumuiya wakaniita niwasimulie, nikasimulia. Jumuiya ya pili wakaniita. Wazee wanalia. Abdiel mwenyewe ni shahidi. Anawaambia Walutheri wenzake kule Nkoaranga kwamba aliniona kwa macho yake nikimimina maji, midomo inatembea, na tangu siku hiyo hawezi tena kuwacheka Wakatoliki. Siku hizi saa ya makande anawanyamazisha vijana, anasema Aloisi anasali. Rozari iko nje, mkononi. Naona aibu kuliko ilipokuwa mfukoni.

Nashilu naye akabadilika. Mwezi mmoja baada ya mazishi alikuja kwangu na watoto wake wawili, akaniomba nimpeleke kwa Godwin. Hajakosa hata Jumanne moja. Atabatizwa Jumamosi hii, yeye na watoto, na amenichagua mimi niwe msimamizi wake, nisimame nyuma yake nimwekee mkono begani.

Sasa sikia.

Sikuwa na maji. Nilikuwa na chupa yangu ya chai. Chai ya rangi, na sukari. Nilimwona macho yanageuka nikadhani ndiyo anakwenda, Abdiel hajarudi. Nikafungua chupa nikamimina ile chai juu ya paji la uso, nikasema Yosefu, nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Majani ya chai yakabaki kwenye nyusi.

Na nilijua. Usiseme sikujua. Lerionka mwenyewe aliwahi kumwuliza Godwin darasani kama maziwa yanafaa, kwa sababu kwao maziwa ndiyo baraka. Godwin akasema hapana. Siyo maziwa, siyo soda, siyo pombe, siyo chai. Maji. Tulicheka wote siku ile.

Lerionka alifungua macho akanitazama. Alisikia harufu. Alijua ni chai. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja umalizie.

Halafu Abdiel akafika na karai. Limejaa, linamwagika. Lerionka alikuwa anapumua bado. Nakuapia dada, alikuwa anapumua na macho yako wazi. Abdiel akanipa karai mkononi na wengine wakafika nyuma yake na magogo. Wote wananitazama, na chupa ya chai iko pale wazi. Nikawaza nikirudia maneno sasa wataelewa nilichofanya. Nikawaza Wakatoliki wanabatiza kwa chai, itaimbwa shimoni mpaka nife. Hicho ndicho nilichowaza, mtu akiwa anakufa mbele yangu.

Nikachota maji nikamwosha uso. Nikatoa yale majani. Maneno sikusema. Abdiel anasema midomo ilitembea. Ilitembea kweli. Nilikuwa namwambia pole Lerionka, pole, pole.

Akafa.

Najua mapadri wana neno la kumfariji mtu. Watasema Mungu hafungwi na maji. Inawezekana, mimi siyo mtu wa kujua. Lakini karai lilikuwa mkononi mwangu.

Nimesimama foleni ya kitubio mara tano. Nikibakiza watu wawili mbele, natoka. Kwa sababu padri ataniambia niseme, na nikisema, kitabu kitafutwa, Abdiel atakuwa shahidi wa uongo bila kosa lake, na Nashilu. Hapo kwa Nashilu ndipo ninaposhindwa. Nilimwuliza mwanzo wa Kwaresima, nikijifanya natania, kama kweli anamwamini Yesu au ananyenyekea tu kwa Godwin. Hakucheka. Alisema yeye anakwenda alipo mume wake. Alisema, wewe ulimpeleka, unaijua njia, mimi nafuata nyayo. Na kama hayupo huko, mimi na wanangu tunarudi kwa baba yangu leo leo.

Nifanyeje dada? Nikisema, namfukuza mlangoni na watoto wake. Nikinyamaza, namwekea mkono begani mkono huu huu.

Wewe uko jikoni kwa mapadri. Nataka umwulize yule padri mzee, usitaje jina, sema ni mtu wa mbali.

Lakini nisikudanganye na wewe pia. Posta barua inachukua wiki, na ubatizo ni keshokutwa. Barua hii niliianza siku ile ile Nashilu aliponijibu. Nimeibeba kwenye koti Kwaresima nzima. Kila nikipita posta nasema kesho. Niliogopa ungenijibu mapema. Leo nimeimalizia, nimeandika tarehe mpya juu, sasa naweza kuituma.

Msalimie mama, mwambie nitakuja mvua zikipungua. Wasalimie wote wanaoniuliza. Goti lipake mafuta ya moto usiku. Barua hii usimsomee mtu. Uwatakie Pasaka njema wote wa nyumbani. Mniombee, na Lerionka mmwombee kwa jina lake hilo hilo la Lerionka.

Ni mimi mdogo wako,
Aloisi