Jina Lililochongwa Upya Kwenye Nishani ya Kiragu

KITUO CHA POLISI, KATIKATI YA JIJI, NAIROBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Idarus Sharif Mgeni
Umri: Miaka 61
Kazi: Sonara
Makazi: Chumba cha juu ya duka lake, karibu na River Road
Tarehe: 13 Machi 1974
Mwandishi: Sajini Kihara

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Lamu, na kazi ya fedha nimeifanya Nairobi tangu kabla ya vita vya Hitla. Polisi wakipata kitu cha fedha chenye mashaka huniletea nikiangalie. Hawanilipi, ila hunisalimia vizuri barabarani.

Mnamo Jumanne tarehe 12 Machi 1974, kama saa nne asubuhi, nilikuwa dukani nikiunga mkufu uliokatika. Sajini Kihara aliingia na mama mmoja mtu mzima, Hannah Wanjira, mkulima wa Dagoretti. Ni mjane wa Kiragu, aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, akapigana Bama katika vita hivyo vya Hitla. Sajini alinipa nishani ya ushujaa ya Waingereza, ya fedha, yenye kichwa cha Mfalme upande mmoja. Kwenye ukingo pamechongwa namba, cheo, jina la Kiragu na kikosi chake. Aliniuliza swali moja tu: jina hili lilitoka nalo kiwandani, au jina la mtu mwingine limefutwa likawekwa hili?

Kabla sijavaa miwani, Mama Hannah alisema, "Fundi, mimi sitaki mambo mingi. Nilipelekea Kaloki medali ya mzee aiwekee utepe mpya. Hii amenirudishia si yake."

Nikamwambia, "Jina si ni lake, mama?"

"Jina ni yake. Medali si yake. Siku walimnyima shamba yenye walimwahidi, aliitupa kwa jiwe ya kusagia. Jioni akaiokota. Ilibonyea, ikabaki na shimo hapa kwa shingo ya kingi, huyu mfalme yao. Mzee alipokufa, kila Jumapili nikitoka kanisa naishika, naweka kidole kwa hiyo shimo. Sasa shimo iko wapi?"

Sajini alinieleza kuwa Kaloki ana duka la vitu vya kale mtaa wa nyuma yangu, na amesema fundi wake alilinyoosha shimo hilo kwa wema tu. Fundi aliyemtaja ni Nzioka, anayekaa mlangoni pa duka hilo akichonga majina kwenye saa na vikombe vya mpira. Nzioka alikana kabisa kuiona nishani. Hata hivyo alikuwa ameshawekwa ndani tangu Jumatatu.

Niliichunguza nishani mbele yao. Kiwandani herufi hugongwa kwa chuma, kina chake ni kimoja na nafasi zake ni sawa. Anayetaka kubadilisha jina hana budi kupiga tupa ukingo wote mpaka la zamani liondoke, na fedha iliyoondoka hairudi. Niliipima na nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo Sajini aliazima kwa askari mstaafu. Hii ilikuwa ndogo kwa unene wa karatasi. Kwenye lenzi niliona herufi zimekatwa kwa mkono, na chini ya cheo umebaki mguu wa herufi ya mtu mwingine, maskini, ambaye hatutamjua. Kuhusu shimo, fedha iliyonyooshwa kwa nyundo huacha alama upande wa pili. Hapakuwa na alama. Nikawaambia nishani hii ni ya mtu mwingine, imepachikwa jina la Kiragu. Mama Hannah hakufurahi wala hakulia. Alisema, "Basi ile ingine iko mahali."

Sajini alishukuru, akasema Nzioka atakoma. Hakuniuliza zaidi, nami sikusema zaidi. Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine, na nalieleza sasa.

Mtu aliyesoma shule za Wazungu huchonga akianzia kushoto. Nafasi ikimpungukia, herufi hubanana mwishoni. Kwenye nishani hii zimebanana mwanzoni. Tarakimu za kwanza zimesongamana, na kikosi cha mwisho kimejimwaga kwa raha zake. Aliyechonga alianzia kulia. Sisi tuliofundishwa kazi kwa kuchonga aya na majina ya Kiarabu kwenye bangili, mkono wetu huanzia kulia hata tukiandika Kizungu. Tunanakili herufi moja moja tukirudi nyuma. Nzioka alisoma misheni kwao Machakos, hajui hata alifu ya Kiarabu. Mimi na Nzioka hatupatani, yeye huwaambia wateja wangu kuwa mimi ni kipofu. Simpendi. Lakini kutompenda mtu si ushahidi.

Katika mafundi ninaowajua mjini, wanaochonga hivyo ni wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni Jabir, mkwe wangu, mume wa binti yangu Mabruka. Marehemu mama yake Jabir alinikabidhi mwanawe akiwa na miaka saba, na kila anachokijua katika kazi hii amekijua mkononi mwangu. Sasa anafanya kazi yake mwenyewe nyumbani kwake mtaa wa Satellite.

Siku hiyohiyo baada ya magharibi nilikwenda Satellite. Mabruka alikuwa anapika, ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Nilimwuliza mkwe wangu mbele yake. Hakunizungusha. Alisema Kaloki alimletea nishani mbili, ya Kiragu na nyingine, akamtaka aifute hiyo ya pili na kunakili jina. Ile halisi Kaloki alimwuzia Mzungu wa Kitisuru anayekusanya nishani. Jabir aliambiwa bibi mwenye nishani ni mzee, haoni, hatajua.

Nikamwuliza, "Na wewe uliliona shimo?"

"Niliona, Baba."

"Ukaonaje?"

"Nikaona ni kasoro."

Hapo niliona uchungu, na sikuuficha. Nilimfundisha kutazama, nikasahau kumfundisha kuwa kitu kina mwenyewe.

Jabir alisema, "Baba, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe ndiwe mwosha. Sajini kakuuliza jina limefutwa ama halikufutwa, umemjibu. Hakukuuliza ni mkono wa nani. Nikifungwa, Mabruka atazalia kwa nani?"

 Nakiri kwamba nilitamani sana kunyamaza, na kama Mabruka angelia pengine ningenyamaza. Hakulia. Aliepua chungu akauliza, "Huyo Nzioka ana mke?"

Nikasema anaye.

"Basi naye anapika usiku huu hajui mumewe atakula wapi," akasema, akampakulia mumewe wali. Jabir hakula. Mimi nilikula kwa sababu binti yangu alinisimamia.

Leo asubuhi nimefika kituoni peke yangu. Nilipofika nimemkuta Jabir kwenye benchi la nje, na Mabruka kando yake. Sikumleta, amekuja mwenyewe. Namwomba Sajini amwulize Kaloki nyumba ya huyo Mzungu mapema, kabla Mama Hannah hajafunga safari nyingine isiyo na faida kutoka Dagoretti. Namwomba pia Nzioka atoke leo, ingawa najua kesho ataendelea kunitukana.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Sikulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Nimesomewa, nimekubali ni sawa.

Sahihi: Idarus S. Mgeni

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu. Jabir amechukuliwa kutoka benchini na kuingizwa chumba cha mahojiano saa tano na nusu. Shahidi alimtazama akipita. Kisha akaniomba nifungue tena karatasi, na kila palipoandikwa "mkwe wangu" nipafute, niandike "mwanangu". Nimemweleza kuwa maelezo yakishatiwa sahihi hayafutwi. Akasema basi niandike tu kwamba aliomba. Nimeandika.

Sajini Kihara