Kipimo cha Aber

Jumatano, wiki moja kabla ya Krismasi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi mpaka kooni. Macho yangu yamevimba, na si kwa ajili ya vumbi.

Leo nilikwenda Mengo kununua kitambaa cha gauni la Krismasi la binti yangu, Aber.

Aber yuko Gulu, kaskazini, kwa bibi yake, mama wa marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa askari polisi. Homa ya ini ilipomwondoa, tulitakiwa kuhama nyumba za kambi, nami, mtu wa Bungoma kule Kenya, sikuwa na kazi wala ndugu hapa Kampala. Baada ya mazishi mama mkwe akaniambia, "Mwache mtoto kwangu mpaka usimame." Aber alikuwa na miaka minne.

Nilisimama. Hilo ndilo ninaloona haya kuliandika.

Huu ni mwaka wa pili nina kazi saluni. Nina chumba changu Ntinda, chenye dirisha na mlango unaofungika vizuri. Kumwona nilikwenda mara moja tu. Alinikimbia, akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake, nami nikarudi nikijiambia kwamba mtoto ametulia, nisimvuruge. Tangu siku hiyo natuma vitu kupitia dereva wa basi. Sukari, madaftari, viatu. Kama vilimtosha, sijui. Sijawahi kuuliza.

Duka nililoingia ni la Mama Nakku, mama mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni. Lilijaa akina mama wanaojiandaa kwenda vijijini kwao. Majora ya satini yalikuwa yamefunguliwa juu ya meza ndefu, huyu anavuta lesi, yule anachagua vifungo. Nikaona kitambaa cha manjano chenye maua madogo meupe. Nilikipenda papo hapo. Kwa dakika chache nikajiona mama kama wale wengine.

"Mtoto iko na miaka ngapi, nyabo?" Mama Nakku akauliza, akiniita kwa heshima ya Kiganda.

"Sita na nusu."

"Iko mrefu namna gani? Onyesha mimi na mkono."

Nikanyoosha mkono usawa wa kiuno. Nikaupandisha kidogo. Nikaushusha tena. Mama Nakku alingoja na mkasi wake, na mwanamke aliyekuwa pembeni yangu naye akaacha vifungo vyake akautazama mkono wangu.

"Si mtoto yako?" Mama Nakku akauliza, bila ubaya wowote.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia mama mkwe. Tulikuwa hatujazungumza tangu Pasaka. Alipokea haraka mno, hata sikuwa nimejipanga.

"Mama, naomba vipimo vya Aber. Nataka kumshonea gauni."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu akitwanga. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, maana mumewe alikuwa mwanajeshi: "Aber iko hapa. Sema na yeye."

"Jambo, auntie," sauti ndogo ikasema.

Nikamwambia mimi si auntie, mimi ni mama.

"Mama iko shamba," akanijibu. Alimaanisha shangazi yake, dada wa marehemu, anayeishi naye pale nyumbani. Kisha nikasikia miguu yake ikikimbia.

Mama mkwe aliporudi kwenye simu nilikuwa nalia waziwazi, watu wakipita. Nilingoja anilaumu. Nilitaka anilaumu.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Mimi nilisema usimame. Sikusema usirudi. Sasa mimi iko mzee, macho haioni namba ya tepu. Kuja upime mwenyewe."

Niliporudi ndani, Mama Nakku alinitazama usoni, akakata mita tatu bila kuuliza tena.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja saluni kuomba ruhusa. Bosi wangu alidhani natania. "Wiki ya Krismasi? Wateja wamejaa mpaka mlangoni. Ukienda, usirudi."

Mwaka jana maneno hayo yangekuwa kisingizio changu. Nisifiche, ningemshukuru moyoni kwa kunipa sababu ya kubaki. Leo nilikusanya vitana vyangu, nikavua aproni, nikawaaga wenzangu.

Sina furaha. Nisije nikasoma maneno haya siku nyingine nikadhani nilikuwa shujaa. Kazi sina, na binti yangu ana mama mwingine. Wifi yangu hakuniibia mtu. Nafasi ilikuwa wazi, akaingia, akamwogesha mtoto, akamlisha, akamlaza. Huenda Aber hatataka kuja nami Kampala. Huenda itakuwa haki kumwacha pale alipo.

Lakini nimekuwa nikiamua hayo kwa niaba yake kutoka mbali, huku sijui hata kichwa chake kinanifikia wapi.

Basi linaondoka alfajiri. Nikifika sitamkumbatia kwa nguvu, wala sitamdai aniite mama mbele ya watu. Nitaketi chini uani. Nitamwambia jina langu, kama mgeni yeyote anavyofanya, kisha ningoje.